Mchanga Tuliomwaga Langoni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa uliyeziacha shughuli zako ukaja kuketi nasi. Mwenyekiti na kamati ya chuo. Wazazi wetu wa hapa Muyeye, nanyi mliotoka mbali hata Adu. Mabibi na mabwana,

Sisi walimu, wafanyakazi na wanafunzi wa Chuo cha Ufundi cha Mkondoni twakuamkia kwa heshima, leo, mwezi huu wa Agosti 1988.

UKARIBISHO

Karibu, Mheshimiwa. Mwaka jana, mwezi wa Juni, tulikungoja tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, ndipo ikaja habari kwamba umepata dharura. Hatukulaumu, mwenye kazi za watu hana siku yake mwenyewe. Twaitaja siku ile kwa kuwa ndiyo iliyozaa risala hii. Risala tuliyoiandika kwanza iliomba mabati, tangi la maji na gari. Juzi tuliisoma pamoja, tukaona haikutaja lile linalotuchoma. Tukaichana.

HISTORIA

Chuo kilianza mwaka 1974 na darasa moja la useremala. Mwaka 1979 tulimpata mwalimu wa vyombo vidogo, Bwana Msellem Faki, fundi saa wa mtaa wa Shela, Malindi. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kikuza macho, kile kioo cha kukuzia vitu vidogo, kilichoning'inia shingoni kwa uzi mweusi. Hakupata kumwita mwanafunzi mjinga. Akiona kazi mbovu husema tu, "Ifungue tena, mwanangu. Saa haina haya."

Mwaka 1985 Mwalimu Ndirangu, afundishaye fizikia katika sekondari moja ya mjini, alimletea saa yake iliyosimama. Akawa anasubiri, huku akisoma jarida la sayansi kutoka ng'ambo. Akamweleza Fundi kwamba wataalamu wametengeneza sindano yenye ncha kali mno, ambayo yaweza kuzitambua atomu, zile chembe ndogo kabisa ambazo kila kitu kimeumbwa kwazo.

"Yaani wameigusa chembe moja?" Fundi akauliza.

"Hawakuigusa. Wameipapasa kwa umeme mdogo unaoruka kati ya ncha na chembe. Ncha ikikaribia, umeme wazidi. Ikienda mbali kidogo, wakatika."

"Na awezaye kuipapasa, hataweza kuisukuma?"

"Wako wasemao ataweza. Wasema iko siku vitu vitajengwa hivyo, chembe kwa chembe. Wenzao wawacheka."

"Wacha wacheke," akasema Fundi, na saa ya Mwalimu ikakaa wiki mbili bila kutengenezwa.

Tangu hapo alikuwa mtu mwingine. Aliwaambia wanafunzi: "Sisi mafundi sote twapunguza. Seremala huranda, fundi chuma hukereza, na takataka hukishinda chombo kwa wingi. Atakuja fundi wa kuongeza. Ataweka chembe moja kando ya mwenziwe mpaka chombo kitimie, na hapatakuwa na unga wa kufagia." Akawaonyesha kisima chetu, ambacho maji yake yana chumvi hata chai haikubali sukari. "Fundi huyo atafuma chujio lenye matundu ya kipimo kimoja. Maji yapite, chumvi ibaki. Mimi sitaliona. Lakini nataka nijue kama njia ipo."

MAFANIKIO

Wanafunzi wetu watatu watengeneza saa na redio katika hoteli za Bofa. Viti unavyovikalia vimetoka karakana yetu. Lakini fanikio kubwa kuliko yote lilikuwa juu ya meza moja, chumba cha mwisho, na sisi hatukulijua.

Fundi Msellem alichukua ule uzi unaowaka ndani ya balbu, akaunoa kwa dawa na subira hadi ncha isionekane hata kwa kikuza macho. Akautia kwenye fuwele aliyoitoa katika kichwa cha santuri mbovu, kwa kuwa fuwele ile hujikunja kwa kiasi kidogo mno ikipitishiwa umeme. Chini ya ncha akaweka kipande cha jiwe jeusi linaloteleza, la jamii ya risasi ya penseli, ambalo Mwalimu Ndirangu aliagiza kutoka Taita. Vyote vikakaa juu ya bamba la marumaru, bamba juu ya mipira ya ndani ya pikipiki, na mipira ndani ya sanduku la mchanga alioupepeta mwenyewe, ili mtikisiko wa dunia usifike kwenye ncha. Usiku akirudi nyumbani mkewe, Bi Mahfudha, alikuwa akimkanda macho kwa kitambaa cha maji.

Alituomba jambo moja tu: utulivu. Mashine ya kuranda na ya kuchomelea zizimwe kwa muda wa saa moja kila siku. Tulimjibu kwamba chuo si msikiti. Baadaye tukampa Jumamosi baada ya adhuhuri, kwa kuwa hapo hatukuwa na haja ya mashine.

Jumamosi moja ya Mei 1987 alituandikia barua kwa mkono wake, walimu watano, twende tukashuhudie. Siku hiyo palikuwa na mpira uwanjani. Katika sisi hakuna aliyekwenda; alikwenda Mwalimu Ndirangu peke yake. Aliketi akiutazama mshale wa mita ya umeme ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, huku Fundi akiandika tarakimu mstari baada ya mstari katika daftari. Tulipomuuliza Mwalimu baadaye aliona nini, alitujibu: "Katika tarakimu zile niliona vilima vilivyopangana kwa nafasi sawa. Siwezi kuapa kwamba zilikuwa chembe. Wala siwezi kuapa kwamba hazikuwa. Alitaka kurudia mara tatu mbele ya mashahidi, ndipo aandike kwa wakubwa."

MATATIZO

Hapa ndipo mahali pa kutaja paa linalovuja. Linavuja. Lakini tatizo tunalotaka kulisema leo tulilifanya kwa mikono yetu.

Ilipokuja habari ya ziara yako ya Juni, Mkuu wetu, Bwana Simeon Musyoka, aliamuru vyumba vipakwe chokaa na vikorokoro viondolewe. Fundi Msellem alikuwa Mombasa kwa siku tatu, akipimwa macho. Mlango wa chumba chake ulikuwa na kufuli; tukalivunja. Tukaona sanduku limefunikwa blanketi. Mmoja wetu alisema ni kiota cha kuku wa Fundi, tukacheka. Katana Kitsao, anayekusomea risala hii, ndiye aliyeshika upande wa mbele wa sanduku.

Bamba la marumaru tukaliwekea chungu cha maua. Nyaya tukazitupa jaani. Na kwa kuwa langoni palikuwa na shimo, nasi tuliogopa gari lako lisije likakwama, tukaumwaga mchanga ule shimoni na kuushindilia kwa miguu.

Fundi alirudi siku ya pili baada ya ile tuliyokungoja. Alisimama katika chumba cheupe kitupu, akauliza taratibu, "Mchanga wangu uko wapi?" Mwanafunzi mmoja akaonyesha lango kwa kidole.

Aliazima chekeche jikoni, akapiga magoti pale langoni, akachekecha siku mbili, akitafuta kijisindano kisichofika urefu wa punje ya mchele. Wanafunzi walipita kando yake wakiinamisha vichwa. Siku ya pili Katana alipiga magoti naye.

"Nikusaidie, Fundi?"

"Hata ukiipata, mwanangu, ncha yake imekwisha."

"Sasa watafuta nini?"

"Natafuta mikono yangu iwe na shughuli, nisije nikamwambia mtu neno nitakalolijutia."

Hakumwambia mtu neno. Alifundisha hadi Desemba, akafunga sanduku lake la zana, akatuaga mmoja mmoja kwa jina. Macho yake yamefifia kwa kasi tangu hapo. Sasa atambua mchana na usiku, basi. Mwezi wa Februari tulikwenda kwake watu saba kumwomba radhi. Bi Mahfudha alitupa kahawa na tende. Fundi akasema: "Radhi nimewapa. Ila kitu kimoja chaniuma. Kuja kushuhudia hakuja hata mmoja wenu; kuja kuomba radhi mumekuja saba."

Baadaye mwaka huu Mwalimu Ndirangu alimsomea habari kwamba ng'ambo, kwa sindano ya namna ile, wataalamu wamebandika kijisehemu cha chembe chache tu juu ya jiwe. Fundi akauliza, "Jiwe lao la namna gani?" Akaambiwa ni lile lile jeusi. Akacheka kwa furaha, akapiga paja. Kisha akageukia ukutani, na Mwalimu akaondoka bila kuaga.

Hatudai kwamba Fundi wetu angewatangulia. Hatujui. Hilo la kutojua ndilo tulilomfanyia.

MAOMBI

Mheshimiwa, twaomba ziara zijazo zisitanguliwe na amri ya chokaa. Utukute kama tulivyo, na vumbi letu.

Pili, tulimpelekea Fundi Msellem mwaliko wa leo. Kiti kile kitupu, mstari wa mbele, ndicho chake. Bi Mahfudha alitujibu mlangoni: "Awasalimu sana. Asema atakuja kuwafundisha vijana kunoa ncha, maadamu vidole vyake bado vyaona. Lakini aje siku isiyo na mgeni."

Ametuchagulia Jumamosi ya wiki ijayo. Nasi tumeagizwa siku hiyo tuwapeleke wanafunzi wote uwanjani, wakajipange na kuimba katika sherehe utakayoiongoza. Twakuomba, kwa unyenyekevu wote na bila kukuvunjia heshima, utusamehe tusije kwenye sherehe hiyo.

Mwenyezi Mungu akufikishe kwako salama, akujalie wa kukwambia kweli, na ampe Fundi wetu mwanafunzi atakayemzidi.

Ni sisi, walimu, wafanyakazi na wanafunzi,
Chuo cha Ufundi cha Mkondoni, Muyeye.

Imesomwa na Katana Kitsao, mwalimu wa useremala.