Nimesoma, Nakubali

Nani kati yenu amewahi kuandika "nimesoma, nakubali" bila kusoma? Msiangalie chini, marehemu mama yetu aliishi na watu wa namna yenu na akawapenda.

Mama alizaliwa tarehe 9 Aprili 1959, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mkunga, akamaliza shule huku akiwasahihishia walimu maswali ya mtihani kabla ya kuyajibu, akasomea hisabati chuo kikuu, na mwaka 1988 akaanza kuhariri viwango vya mtandao, yaani zile kanuni zinazoandikwa ili kompyuta ya huyu ielewane na ya yule, ambazo sote tunazitegemea na hakuna anayezisoma. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kitu kilichopewa jina ukurasa wa kwanza hakibatizwi upya ukurasa wa arobaini, na kwamba palipoandikwa "lazima" hapageuki "ikiwezekana" huko mbele. Wahandisi walimwita Mama Rudia, na aliyerudishiwa nyaraka kuliko wote ni mdogo wake, mjomba wetu, naye mhandisi, yule pale mbele anayefuta miwani.

Mwaka 1990 aliolewa na baba yetu, mtu mpole, wakajaliwa watoto watatu, na nyumbani napo hapakuwa na msamaha, kapu la nguo chafu lilikuwa na jina moja, na ole wako uliite vingine.

Kazini, waraka haukutoka mpaka kila mwandishi athibitishe kwamba ameusoma, na mjomba alikuwa akithibitisha kabla chai haijapoa. Mama hakumwamini hata siku moja. Mwaka jana alipougua figo, akiwa kitandani, baada ya kumrudishia daktari maelekezo ya dawa kwa sababu karatasi ilisema asubuhi na chupa ikasema jioni, alimgeukia mjomba: "Wewe, ulikuwa unasoma kweli?" "Dada, kila nukta!" Alifariki tarehe 2 mwezi huu, usingizini, hajaridhika na jibu hilo, swali likabaki kwetu.

Jana nilimtumia mjomba rasimu ya historia hii, nikiwa nimeandika kwamba marehemu ni yeye mjomba. Akajibu papo hapo: "Nimesoma, nakubali. Imenigusa sana."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima viti, na wafanyakazi wenzake, ambao leo hakuna kati yao aliyerudishiwa waraka. Pumzika kwa amani, mama, mahali ambapo kila kitu kina jina moja.

Na jibu la swali lako ni hili, nalisoma kwa ruhusa ya mjomba, alilitamka asubuhi hii mlangoni pa jikoni, mbele yetu sote, akicheka na kulia kwa pamoja: "Sikusoma, dada. Hata waraka mmoja. Si ulikuwa umeshasoma wewe?"