Tope kwenye Miguu ya Kipimo

Haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona mwenyewe kwa macho haya mawili, la kulia likiwa zima kabisa na la kushoto likiona vizuri asubuhi. Kijiweni wananiita Shahidi, na jina hilo sikujipa. Shule niliishia darasa la sita, la saba nikalichungulia dirishani, lakini hapa kwetu jambo haliwezi kutokea kabla halijapita kwangu kuaga. Kijiwe chenyewe ni mbao mbili juu ya mapipa mawili, kwenye kibaraza cha karakana ya Cheche, fundi wa kuchomea vyuma. Shangazi, ambaye ni shangazi wa Cheche kwa damu na wetu sisi kwa kahawa, huweka birika lake upande wa kivuli. Asubuhi hiyo nilishika kikombe kwa mkono wa kushoto, maana kiganja cha kulia nilikuwa nimekifunga kitambaa. Kiliungua na birika hilohilo. Mbele yetu ulisimama mkokoteni, na juu yake mashine ya Cheche ya kuchomea, imefungwa kamba kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Saa nane lori lingekuja kuichukua.

Kisa ni umeme. Nguzo zilikwama vijiji vitatu kabla ya kwetu, kama vile zilisikia habari zetu zikaghairi. Kisha akaja mhandisi, binti mdogo mwenye viatu vya mpira, akatuuliza kuhusu Kooni. Kooni ni pale maji ya bahari yanapobanwa na miamba miwili; yakijaa yanapita, yakipwa yanapita, na kila mara kama yanamezwa. Akasema maji hayo yakiwa na nguvu ya kutosha, zitawekwa feni chini ya maji, yazizungushe, nasi tuwashe taa. Lakini kwanza yapimwe. Akazamisha kipimo chenye miguu mitatu ya chuma, kikae sakafuni mwezi mzima, juu yake kamba na boya. Ulinzi akamkabidhi Kapteni, ambaye maishani mwake hajaongoza chombo kikubwa kuliko kivuko cha kuvuta kwa kamba.

Juzi mhandisi alikitoa. Jana ukaingia ujumbe kwenye simu ya Cheche: kipimo kinasema maji ya Kooni hayatembei. Nakuja kesho.

Cheche aliusoma mara moja tu, akaanza kufunga mashine. Shemeji yake wa mjini ana chumba chenye umeme.

– Hayatembei, akasema Cheche asubuhi hiyo. Mwaka jana yalininyang'anya kasia mkononi. Leo hayatembei.

– Hilo ni suala la kisayansi, akasema Mwalimu. Huyu alifundisha muhula mmoja, mwenye darasa alipokwenda kujifungua, na hajashuka cheo tangu hapo. Mkaguzi akiingia darasani, watoto si hutulia? Basi maji yameona kipimo, yakakaa kwa adabu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Hapo mwenyeji kapona nini? akauliza Shangazi.

– Kapona kelele.

Kapteni alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari.

– Mimi nasema ni mwezi, akasema. Mwezi ndio unaovuta maji. Safari hii ulikuwa mwembamba.

– Hata siku ulipokuwa duara?

– Mwembamba kwa nyuma, Shangazi. Kule kusikoonekana.

Nikaona mazungumzo yanakosa mtu aliyekuwepo.

– Ni pweza, nikasema. Nilimwona. Mkubwa kama godoro la watu wawili. Amekikumbatia kile kipimo hivi, kikaacha kupima maji, kikawa kinapima moyo wake.

– Na moyo wa pweza hautembei? akauliza Mwalimu.

– Anayo mitatu. Inapokezana, kwa hiyo mmoja daima umelala.

Mwalimu hakupenda kushindwa kwa elimu.

– Basi niwaambie ukweli wenyewe, akasema. Bahari imechakaa. Tangu enzi za mababu inakuja na kurudi, inakuja na kurudi, mara mbili kwa siku bila likizo. Bandu bandu huisha gogo. Na huko ng'ambo wenzetu wameweka feni zao mapema. Mkondo ukitufikia sisi, umeshatumika. Tunaletewa makapi.

– Wewe uliwahi kufundisha watoto wa watu, akasema Shangazi.

– Na walifaulu.

– Baada ya wewe kuondoka.

Tukacheka, isipokuwa Cheche. Alikuwa anaangalia fundo la kamba kwenye mkokoteni.

– Chekeni, akasema. Miaka minne namwambia mke wangu nguzo zinakuja. Jenereta imekufa mara tatu, mara ya tatu nimeizika. Nikiondoka leo sirudi. Mtu hahamishi karakana mara mbili. Na hizo mbao mlizokalia ni zangu, zitaingia kwenye lori pamoja na mapipa yake.

Hapo kila mtu akayagusa makalio yake kwa mawazo.

– Haraka haraka haina baraka, akasema Kapteni kwa sauti ndogo.

– Miaka minne ni haraka?

Mhandisi akatokea upande wa soko, kompyuta kwapani, mkononi mfuko wa nailoni.

– Shikamooni.

– Marahaba, mwanangu, akaitikia Shangazi. Kaa, unywe. Birika limekaribia mwisho.

Hakukaa. Akaufungua mfuko juu ya mbao, katikati ya vikombe. Ndani mlikuwa na tope jeusi, laini, linalonuka mizizi.

– Siku mbili za kwanza, akasema, maji yalikimbia kama yanafukuzwa. Sijawahi kuona kasi ya namna ile. Siku ya tatu yakasimama, yakakaa hivyo karibu mwezi mzima. Nikaanza kuwaza kipimo kimeharibika. Kisha nikaitazama miguu yake. Kooni chini ni mwamba mtupu, nilipiga mbizi mwenyewe. Hili tope limetoka wapi?

Mwalimu akalichovya kidole, akalinusa. Tope la aina ile tunalo mahali pamoja tu: kwenye kihori cha mikoko, mkono mdogo wa bahari ambako maji hukaa kama yamo kwenye ndoo.

Wote tukamtazama Kapteni. Mimi pia nilimtazama, tena kuliko wote.

– Mwanangu, akasema Kapteni, ulinikabidhi kitu. Uliniambia, Kapteni, maji yasije yakakichukua.

– Nilisema hivyo.

– Siku ya pili maji yalikazana mpaka boya likazama lote. Halionekani. Nikasema hapa naachiwa aibu, kitu cha watu kinakwenda. Yalipotulia nikakitoa, nikakihifadhi kule mikokoni. Kila asubuhi nilikwenda kukiangalia. Hata ndege sikuruhusu atue juu ya boya. Ulipokaribia kuja nikakirudisha palepale ulipokiacha. Kimepungua nini?

Mhandisi akabana midomo. Nilidhani atalia, kumbe alikuwa anazuia kucheka.

– Hakijapungua kitu, baba. Umekitunza vizuri sana. Kimepima kihori.

Kisha akamgeukia Cheche.

– Kikirudi Kooni leo, siku kumi na tano zinatosha kuona maji yakiwa na nguvu na yakiwa yamelegea. Lakini ofisi haitanipa mara ya tatu. Kikiguswa tena, wataandika kwamba hapa maji hayafai, na kipimo kitapelekwa pwani nyingine.

– Siku kumi na tano ninaweza kungoja, akasema Cheche. Lori linaweza kurudi tupu. Lakini nijue nani amekigusa, asikikaribie.

– Nimeshasema ni mimi, akasema Kapteni.

– Samahani, baba, akasema mhandisi. Kile chuma kilibebwa na wanaume wawili, na walitoka jasho. Upande wa pili alishika nani?

Kapteni akatazama juu, kule alikokuwa ameuona mwezi mwembamba.

– Nilikuwa peke yangu.

Mwalimu alikuwa anasoma maandishi kwenye pipa. Cheche akangoja, akangoja, kisha akanyanyuka, akaenda kwenye mkokoteni, akaanza kukaza lile fundo. Shangazi akainamisha birika juu ya kikombe changu. Likatoa tone moja, kisha machicha.

– Imekwisha, akasema, na hakuwa anatazama birika.

Nikaweka kikombe chini. Nikafungua kitambaa, maana mashine ya Cheche haibebeki kwa mkono uliofungwa. Nikaenda nikasimama ng'ambo ya mkokoteni, nikaanza kufungua kamba aliyoikaza. Cheche akakitazama kiganja changu. Alama ilikuwa imekatiza kati, nyekundu, nyembamba kama kamba ya boya, imenyooka kama iliyopigwa rula. Akaitazama, akanitazama mimi, akatazama kule Kooni ambako maji yalikuwa yanapita kwa kishindo bila kumwonea mtu aibu.

– Haya, akasema. Shika upande wa pili. Huo umeuzoea.

Tukaishusha. Saa nane lori lilipiga honi, likaenda na mizigo ya watu wengine.

Yote niliyoyaandika ni kweli tupu, na yule pweza nitamtetea mbele ya hakimu yeyote. Ila pale mwanzo niliposema kiganja kiliungua na birika, pale nilitunga. Shangazi hajawahi kumwagia mtu hata tone.