Futikamba, Aliyekataa Kupumzika

Ndugu, jamaa na majirani, nimeletewa kiti ili nisome nikiwa nimekaa. Ahsanteni, lakini nitasimama. Mimi ndiye niliyeachiana ziwa na marehemu. Nina miaka sabini na minne, na dada yangu asingenisamehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, mtoto wa kwanza wa fundi wa reli na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Alianza shule mwaka 1957 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1967. Hesabu alizipenda, ushonaji ulimshinda kabisa. Ila futikamba ya mama aliiteka, akawa anapima vitanda, milango na hata mimi kila Jumapili, aone kama nimeshamfikia. Sikumfikia. Jina la Futikamba lilianzia hapo, likamganda.

Tarehe 8 Januari 1968 aliajiriwa na manispaa kuwa mchora ramani msaidizi, mwanamke pekee katika chumba cha meza sita. Alichora masoko, shule na vituo vya basi kwa miaka thelathini na sita. Siku ya kustaafu, 31 Machi 2004, wenzake walimzawadia sofa la mtu mmoja, wakamwambia, "Mama, sasa pumzika." Akakaa. Alipotaka kuinuka hakuweza, mpaka akashikwa mkono. Kesho yake alilirudisha ofisini. "Mmenipa kiti au mtego?" aliwauliza.

Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1973 na mwashi mmoja mpole. Wiki moja kabla ya harusi alikwenda kuiona nyumba aliyojengewa, akapima ngazi ya mlangoni: inchi kumi. "Mama yako ataipandaje hii?" Mwashi akajibu kwamba mama yake ana nguvu zake. "Leo anazo. Mimi nauliza baadaye." Mwashi akachukua nyundo akaivunja. Waliingia kwao saruji ikiwa bado mbichi, na shemeji alikisimulia kisa hicho akicheka hadi alipotutoka mwaka 2011.

Baada ya hapo ndipo kazi yake kubwa ilipoanza. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaandika waliofika miaka sitini. Mara ya kwanza, mwaka 2012, aliandika watu 412. Mwaka 2021, katika mitaa ileile, walikuwa 1,136. "Tumeongezeka, na mji unajifanya hautuoni," alisema. Akaanza kutembea na wazee kutoka majumbani mwao hadi sokoni, mmojammoja, kwa mwendo wao. Pale mzee aliposimama kuvuta pumzi, dada aliinama akachora alama ya chaki njiani. Alama zilipokutana nyingi mahali pamoja, aliandika kwenye ramani: benchi hapa. Manispaa ilikuwa ikiosha chaki, naye anachora upya. Waliosha mara nne, na yeye alichora mara tano.

Mwisho wa alama hizo alipanga kituo cha jamii katika ghala kuukuu la manispaa, kati ya soko na zahanati, mbele ya kituo cha basi. Hakuna ngazi. Mlango mpana, choo karibu, viti vyenye mikono, jiko, dirisha la muuguzi, na chumba cha kazi chenye meza za kushonea, kutengenezea redio na kufundishia vijana hesabu. Baraza lilikubali. Kisha mwaka jana mchoro ukarudi na kichwa kipya: Nyumba ya Mapumziko ya Wazee. Jengo lilikuwa limehamishiwa mlimani, kupita kituo cha mwisho cha basi. Mkuu wa mipango, ambaye dada ndiye aliyemfundisha kushika rula, alimweleza kwa upole, "Mama, kule kuna hewa safi. Watapumzika." Dada akamjibu, "Mwanangu, kufika tu hawafiki. Watapumzika wapi, njiani?" Siku hiyohiyo aliandika pingamizi.

Januari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua. Daktari alimwambia apumzike. Akamuuliza kama hiyo ni dawa au ni siasa. Alilazwa mara tatu, na mara zote tatu alipima kimo cha kitanda. Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa nne asubuhi, aliniachia mkono. Nimelia, na bado sijamaliza.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, mimi mdogo wake, na wazee 1,136 ambao alijua kila mmoja anasimama wapi.

Jana ilifika barua ya manispaa. Wanatupa pole. Aya ya pili inasema kwa kuwa aliyeweka pingamizi amefariki, faili litafungwa Alhamisi hii, saa tatu asubuhi, isipokuwa mwingine afike mwenyewe kulisimamia. Mkuu wa mipango, nimekuona pale nyuma, na nakushukuru kwa kuja. Mwingine ni mimi. Na wakihitaji wengine, daftari lake liko nyumbani, lina majina na mitaa.

Mchapaji wa karatasi hii alikuwa ameweka hapa chini yale maneno ya kumtaka marehemu apumzike. Nimeyakata kwa kalamu yake mwenyewe. Kupumzika alikokubali dada yangu ni kumoja tu, kule kwa mtu aliyesimama kidogo njiani, akavuta pumzi, akaendelea. Jioni ya jana nilichora alama kutoka sokoni hadi mlango wa manispaa. Magoti yananiuma, lakini zinaonekana vizuri. Alhamisi tutatembea kwa mwendo wetu, na atakayechoka asimame kwenye chaki.

Dada, wewe simama hapo ulipofika. Sisi tunaendelea.