Jani la Mgomba na Lango la Senyenge

Mgeni rasmi, Bwana Meneja wa Mgodi. Wenyeji wa shughuli hii, Bwana Kunjiraman, karani wa stoo, na mkewe Mama Leela, mkunga wetu. Mabibi na mabwana,

KARIBU

Sisi wachimbaji na wake zetu tunakuamkia: shikamoo. Karibu kwenye Onam, sikukuu ya Wamalayali, watu wa kusini mwa Uhindi. Wenyeji wametuomba tuseme kwa niaba yao, maana Bwana Kunjiraman akisimama mbele za watu sauti humkauka.

HISTORIA

Mwaka wao wa kwanza hapa tuliwaona wakitafuta maua ya kupamba ua wa nyumba yao. Maua, mwezi wa nane, jamani! Geita nzima ni vumbi. Wake zetu walicheka hadi wakachoka, kisha wakaleta mtama mwekundu, choroko na mchele. Ndilo pambo hili la duara ulilolizunguka ulipoingia. Asante kwa kutolikanyaga.

Walitusimulia habari za mfalme wao wa kale, Mahabali, aliyewaweka watu wote sawa. Alishushwa chini ya ardhi, na kila mwaka hupanda juu siku moja tu, kuwatazama watu wake kama wako salama. Sisi watu wa shimoni tulimwelewa mara moja. Mabula, mchimbaji mwenzetu, alisema, "Huyo ni mwenzetu kabisa, ila zamu yake ni ndefu mno."

MAFANIKIO

Siku hiyo ya Onam ya kwanza tulikosea. Chakula cha Onam huliwa kwenye jani la mgomba, na ukishiba unalikunja. Sisi kwa adabu zetu tuliyakunja kwa kuyasukuma mbele, wenyeji wasione makombo. Mama Leela akaangua kilio. Kumbe kwao jani la msibani ndilo hukunjwa hivyo! La furaha hukunjwa kumwelekea mlaji, maana yake nimeshiba na nitarudi. Basi watu wazima tukayafunua majani yote, tukayakunja upya. Tangu hapo tumekuwa ndugu, na watoto wetu wote wamepokelewa na mikono ya Mama Leela.

SHIDA YETU

Mwaka huu, kabla hujafika, ilijengwa senyenge kati ya nyumba za Wahindi na kambi yetu. Lango hufungwa jua likizama, na ufunguo hukaa ofisini.

Mwezi wa sita Klara, mke wa Mabula, alishikwa na uchungu lango limeshafungwa. Askari alikataa katakata kufungua. Tulimbeba mpaka kwenye senyenge. Mama Leela akapiga magoti upande wa pili, akawa anamwelekeza mama yake Klara kwa Kiswahili chake kile kile cha kutuamkia "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, hata jioni. Mtoto akatoka, hakulia. Mama Leela akapenyeza mikono kwenye miiba ya senyenge, akamsugua mgongo mpaka akalia. Makovu yake utayaona atakapokupakulia wali.

Mtoto mwenyewe ni yule pale mgongoni kwa Klara. Jina lake Janaki, jina la Mama Leela mwenyewe alilopewa alipozaliwa. Tulishukuru sana, Bwana Meneja, lakini tuliogopa, na bado tunaogopa. Anisia, huyu aliyeketi karibu nawe, yuko mbioni kujifungua.

OMBI

Ombi letu ni moja: ufunguo wa lango ukae kwa Mama Leela.

Leo lango liko wazi kwa heshima yako, na watoto wamelipita mbio huku na huku tangu asubuhi. Tuna imani nawe, kwa sababu umekubali kuketi mkekani pamoja nasi. Hatukulazimishi kusimama ujibu. Kula kwanza, Bwana, ushibe. Ukimaliza, kunja jani lako. Sasa unajua namna zote mbili, na sisi tutakuwa tunaitazama mikono yako.

Mungu aibariki nyumba yako, na kila ushukapo shimoni akupandishe salama.

Ni sisi,
Wachimbaji na Wake Zao, Kambi ya Nyamalulu.
Imesomwa na Telesphori Nkwabi, Agosti 1954.