Cyprian Lal, Aliyekataa Kuwakata Mafundi Mikono

Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na binti yake mkubwa, Clotilda, kanisani, Agra, Jumatatu tarehe 4 Februari 2019.

Cyprian Lal alizaliwa tarehe 14 Septemba 1951, siku ya Kutukuka kwa Msalaba, katika mtaa wa Wazirpura, hatua chache kutoka kanisa hili. Alikuwa mtoto wa tatu wa Isidore Lal na mkewe Martha. Baba yake alikuwa fundi wa kupachika vito kwenye marumaru. Mkono wa kulia ulivuta upinde uliozungusha gurudumu dogo la kusagia, na wa kushoto ulishikilia kipande cha jiwe kisichozidi ukucha, mpaka kikawa jani, au ua, au jicho la ndege. Jiwe lilisagika, na vidole vilisagika pamoja nalo. Alipofika miaka arobaini na mitano Isidore hakuwa tena na alama za vidole. Siku moja posta walimtaka aweke dole gumba kwenye fomu, likatoka doa jeusi tupu. Karani akamwambia, "Mzee, hebu paka wino vizuri." Akajibu, "Wino upo, mwanangu. Dole ndilo limekwisha."

Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu asiyelijua hawezi kuyaelewa maisha ya Cyprian.

Alisoma shule ya mapadri kuanzia 1957 hadi 1968, kisha akapata shahada ya historia mwaka 1972 katika chuo cha hapa mjini. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho. Baba yake hakufaidi fahari hiyo kwa muda mrefu. Alifariki Aprili 1973, kifua kikiwa kimejaa vumbi la mawe, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Cyprian akawa karani katika kiwanda cha viatu kwa miaka minne ili kuwasomesha wadogo zake. Mwaka 1977 alifaulu mtihani wa serikali wa waongoza watalii, akapewa kitambulisho chenye picha yake akiwa na masharubu ambayo mama yake hakuyapenda kamwe.

Tarehe 9 Januari 1979 alifunga ndoa na Philomena, muuguzi kutoka Jhansi. Ndugu wa bibi harusi walipofika mlangoni mwa kanisa, Cyprian, akiwa na shada la maua shingoni, alisimama akaanza kuwaeleza umri wa matofali na jina la mwashi. Alikuwa amefika kwenye ukarabati wa paa mama mkwe alipomkatiza: "Mwanangu, harusi kwanza, historia baadaye." Kwa miaka arobaini Philomena alitumia maneno hayo kila chakula kilipokuwa kinapoa mezani.

Kazi yake ilikuwa ya siku moja moja. Mgeni mmoja, au familia moja, gari moja, kuanzia treni ya asubuhi kutoka Delhi hadi treni ya jioni ya kurudi. Wenzake wengi walianza na Taj Mahal ili wamalize mapema. Yeye aliwavusha wageni kwanza ng'ambo ya mto Yamuna, kwenye kaburi la Itimad-ud-Daulah, kisha kwenye ngome ya Agra, na Taj akaiacha mpaka alasiri, marumaru inapoanza kupoa. "Ukianza na Taj," alisema, "umempa mtu haluwa kabla ya wali." Mfukoni alikuwa na vipande vya petha, kitamutamu cha boga na sukari, kwa watoto waliochoka, na begani taulo iliyoloweshwa kwa ajili ya upepo wa moto wa Mei. Aliwaambia wageni watembee kama watu wanaotafuta pete waliyoiangusha. Wengi waliandika barua baadaye. Bado tunazo, masanduku mawili.

Sasa tuseme yale ambayo baadhi ya waliomo humu wangependa tusiyaseme.

Kila anayefanya kazi hii Agra anaijua desturi ya duka. Baada ya chakula cha mchana gari halirudi barabarani. Linaingia katika uwanja wa duka la marumaru. Dereva anashuka akisema anakwenda kuangalia tairi, na tairi hilo huangaliwa kwa dakika arobaini. Mlangoni ameketishwa mzee mwenye kanzu nyeupe, gurudumu mbele yake, naye huanza kulizungusha anaposikia honi. Ndani, mwenye duka huwaambia wageni kwa sauti ya msibani kwamba Taj ilipokamilika mfalme aliwakata mafundi mikono wasije wakajenga nyingine, na kwamba mzee yule wa mlangoni ni mjukuu wa mjukuu wao. Wageni hulia. Waliolia hununua. Na katika kila kinachonunuliwa, kampuni, dereva na mwongoza watalii wana fungu lao.

Hatutaki kumfanya Cyprian malaika. Gari lilikuwa la kampuni, dereva wa kampuni, na kwa miaka thelathini na tisa aliingia katika maduka hayo kama wengine. Lakini hadithi ya mikono ilipoanza, alitoka akasimama juani mpaka iishe. Hakuwahi kuisimulia, hata mara moja, ingawa ndiyo hadithi iliyoombwa kuliko zote.

Jumamosi tarehe 5 Novemba 2016 alikuwa na Bwana Duarte, fundi mawe mstaafu kutoka Ureno, na binti yake. Gari likaingia katika uwanja wa duka la Tajiri Girdhari. Hadithi ikaanza. Cyprian alitaka kutoka, lakini binti alikuwa amemshika mkono, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kulia. Mzee Duarte akamgeukia.

"Bwana Cyprian, tangu asubuhi umetuambia ya kweli. Na hili je?"

"Si kweli," alisema Cyprian. "Hakuna andiko hata moja linalosema hivyo. Na tufikiri tu. Kama babu zao walikatwa mikono, watoto walifundishwa na nani? Kwa miguu?"

Wa kwanza kucheka alikuwa mzee wa mlangoni, ambaye ukweli ni kwamba alikuwa bawabu. Girdhari hakucheka.

"Mzee Lal, jua limekupiga kichwani?"

"Limenipiga miaka thelathini na tisa, tajiri. Leo ndiyo nimepata nafuu."

Mzee Duarte akasema anataka kumwona fundi wa kweli. Dereva alikuwa bado na tairi lake, kwa hiyo wakaenda kwa miguu hadi mtaa wa Tajganj, nyumbani kwa Hafizullah, aliyefundishwa kazi na marehemu Isidore. Mreno akanyoosha viganja vyake, Hafizullah akanyoosha vyake. Hawakuwa na lugha moja, na Cyprian, aliyeishi kwa kusema, alinyamaza. Wakanywa chai. Hakuna kilichonunuliwa, kwa sababu Hafizullah hakuwa na cha kuuza. Kila sahani iliyokuwa kwenye benchi lake ilikuwa imeagizwa na duka lile lile la Girdhari. Walipoaga, Hafizullah alisema, "Mwambie mgeni, hawatukati mikono. Wanangoja iishe."

Hilo ndilo kosa lake lote. Mgeni aliuliza swali, akajibiwa.

Siku kumi na moja baadaye umoja wa waongoza watalii ulimwandikia Cyprian barua. Ilisema kwamba "ameiba wageni kutoka katika biashara halali na kuwapeleka kwa ndugu yake kwa faida yake binafsi." Ndugu! Tangu lini Hafizullah, anayeswali swala tano, akawa ndugu wa damu wa akina Lal wa Wazirpura? Mtu anaposingizia angalau ajitahidi kidogo.

Kikao kilikaa tarehe 14 Desemba. Mwenyekiti alikuwa Bwana Pratap Solanki, ambaye Cyprian ndiye aliyemfundisha kazi, na aliyekula keki ya Krismasi mezani kwetu miaka ishirini mfululizo. Barua ya Bwana Duarte, iliyoeleza kila kitu, ilikuwa mbele yake. Haikusomwa. Walisema mgeni hajui mambo ya Agra.

"Kaka Cyprian," alisema Solanki, "mbona unatuharibia? Wageni hawaji kusoma. Wanakuja walie kidogo, wapige picha, warudi kwao."

"Basi walie kwa yaliyo kweli," alijibu. "Yako mengi. Wape ya baba yangu."

"Haya, mwalimu ameanza," mmoja alisema nyuma, na watu wakacheka.

Cyprian aliwauliza ni nani kati yao anayeiamini hadithi ya mikono. Hakuna aliyeinua mkono. Ndipo mwenyekiti akauliza ni nani anayekubali kwamba Cyprian Lal aliiba wageni. Iliinuliwa mikono kumi na mmoja, yote mizima.

Tangu siku hiyo hakuna kampuni iliyompigia simu. Kitambulisho cha serikali aliendelea kuwa nacho, lakini mwongoza watalii asiye na mtalii ni mtu aliyevaa kitambulisho tu. Aliuandikia umoja barua nne. Hakuomba kazi. Aliomba neno moja lifutwe, neno "ameiba." Hakujibiwa hata barua moja. Kila asubuhi alipiga pasi shati, akaenda kituo cha treni, akasimama mahali pake pa siku zote. Madereva, ambao wengine wao aliwalipia karo za watoto wao, walimtania: "Mzee, umeiba mgeni gani leo?" Alicheka nao. Nyumbani hakucheka. Mtu aliyejua tarehe ya kila tofali la mji huu alikuwa anaulizwa na watoto wa mtaani kama ni kweli yeye ni mwizi.

Tarehe 21 Agosti 2018 alipatwa na kiharusi. Kilimnyang'anya usemi. Tunaoamini kwamba Mungu ni mwema tumelitafakari jambo hili mara nyingi, na hatujapata jibu la kuandika hapa. Alilazwa wiki tano, kisha akarudishwa nyumbani, na Philomena akamuuguza kwa mikono yake mwenyewe. Walimpa ubao wa shule na chaki. Kwa mkono wa kushoto, polepole, aliandika neno lile lile karibu kila siku mtu wa posta alipopita: *Barua?*

"Bado, baba Clotilda," mkewe alimjibu. "Bado."

Alifariki nyumbani Jumamosi tarehe 2 Februari 2019, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, akiwa na miaka sitini na saba. Mkewe na binti yake mdogo walikuwa wamemshika. Barua ilikuwa haijafika.

Ameacha mjane, Philomena, watoto watatu, Clotilda wa hapa Agra, Anselm wa Nagpur na Tresa wa Jhansi, wakwe wawili, wajukuu watano, mdogo wake Lawrence, na Hafizullah wa Tajganj, ambaye hakuwahi kuwa ndugu mpaka umoja ulipomfanya ndugu, na ambaye tangu hapo tumemkubali.

Karatasi hii ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Ukurasa huu wa mwisho umeongezwa asubuhi ya leo, kwa sababu ya jambo lililotokea jana.

Jana alasiri Bwana Solanki na wanachama saba walikuja nyumbani na shada lenye utepe ulioandikwa: "Kwa mwenzetu mpendwa, fahari ya Agra." Walisema kwamba kwa desturi yao mwongoza watalii hubebwa na waongoza watalii wenzake, vitambulisho vikiwa vifuani, na kwamba wamekuja kupanga nani abebe wapi.

Anselm aliwazuia mlangoni. "Bwana Solanki, fahari tangu lini? Mwizi hubebwa na polisi."

"Mwanangu, leo si siku ya hayo," alisema Solanki.

"Lini basi? Miaka miwili na ushee mlikuwa wapi?"

Mama yetu alitoka chumbani. "Anselm, wapishe wapite," alisema. Kisha akawageukia wageni. "Mnataka kumbeba mume wangu?"

"Ni haki yake, shemeji. Na ni heshima kwetu."

"Neno mmelifuta?"

Bwana Solanki akasema kwamba mambo ya umoja yana taratibu zake, panahitajika kikao, na akidi, na kwamba hata hivyo lilikuwa neno moja tu.

"Kama ni moja tu, lingekuwa jepesi kulifuta," alisema Mama. "Basi mimi sitaki tena kalamu zenu. Njooni kesho. Atakayeweka bega lake chini ya jeneza hili, mbele ya padri na mtaa mzima, amesema kwamba Cyprian Lal hakuiba. Hatuhitaji kikao. Na anayeamini bado kwamba aliiba, akae kwenye benchi lake. Sitamtukana. Nitamtazama tu, nijue."

Waliaga wakaondoka. Shada waliliacha barazani.

Kwa hiyo familia inatangaza hivi. Baada ya sala ya mwisho jeneza litainuliwa na kupelekwa makaburini kwa miguu. Wanaohitajika ni watu sita. Wanawe na mdogo wake walikuwa tayari kumbeba, na Mama amewaomba wasimame kando. Nafasi zote sita ziko wazi. Hatutamwita mtu kwa jina.

Tutangoja.

Mwili wake upate pumziko. Jina lake lipate amani.