Mkono wa Kuume wa Yotamu Mwakibinga

Marehemu Yotamu Mwakibinga, tunayemzika leo hapa Mlandege, alizaliwa tarehe 12 Machi 1916 huko Rungwe, mtoto wa tatu wa mzee Jailos, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita mwaka 1932, na huko ndiko alikoshika kalamu ya wino kwa mara ya kwanza, na tangu siku hiyo, tuseme ukweli, penseli aliiona kama kijiti cha kuchokolea meno.

Mwaka 1937 aliajiriwa Mbeya kuwa karani wa ghala la pareto, akanunua kalamu yake kabla hajanunua viatu, akawa anaijaza wino kila Jumapili baada ya ibada, polepole, akiijaribu kwa kuandika jina la mama yake, kisha anaifuta ncha kwenye nywele na kucheka peke yake. Hata bei ya maharage aliiandika kwa kalamu hiyo, na wengi wenu hapa vitabu vyenu vya nyimbo vina majina kwa mwandiko wake.

Tarehe 6 Septemba 1941 alifunga ndoa na Tupokigwe, ambaye amefua madoa ya wino kwenye mifuko ya mashati miaka yote akinung'unika, wakajaliwa watoto watatu, Anyitike, Tusajigwe na Lea, wakahamia Iringa mwaka 1951.

Tarehe 3 Juni mwaka huu wa 1957 waya wa kufungia robota la mzigo ghalani ulimchana kiganja cha kuume, kidonda kikaoza, na tarehe 20 daktari akamwambia mkono ukatwe siku hiyohiyo, la sivyo atakufa. Yotamu alijibu ndaga, neno ambalo kwetu Wanyakyusa ni asante, na ni pole pia; muuguzi, ambaye ni Mhehe na analijua kwa maana ya asante tu, akadhani amekubali, akaenda kuchemsha vyombo, kumbe marehemu alikuwa anampa daktari pole kwa kumkatalia, akashika njia akarudi nyumbani. Mkewe alimsihi akiwa amepiga magoti, yeye akasema hajui ataishije bila kuandika. Alikubali kukatwa tarehe 7 Julai, sumu ikiwa imeshaenea mwilini, akafariki tarehe 9 alfajiri. Familia ina uchungu, na ina hasira, wala haifichi.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, majirani wa Mlandege, na makarani wenzake waliobeba jeneza. Tupokigwe ameomba litajwe jambo moja, kwamba mikono yake miwili ingewatosha wote wawili.

Pumzika, Yotamu, kwa amani uliyoichagua wewe, sisi bado hatujaipata.