Fundi Pima Tena na Daraja la Mtoni

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia kuwaeleza maisha ya baba yetu, fundi seremala mliyezoea kumwita Pima Tena, na kwa kuwa mimi ndiye kitinda mimba wake, mtanivumilia sauti ikikatika.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1941, upande huu wa mto, akaanza shule ya msingi ng'ambo mwaka 1949, akaiacha akiwa darasa la nne kwa sababu mto ukijaa hakukuwa na pa kuvukia, akaenda kujifunza useremala kwa mjomba wake.

Mwaka 1966 lilipojengwa daraja letu dogo la zege, yeye ndiye aliyetengeneza upinde wa mbao wa kulibeba zege mpaka likauke, akapima, akapima tena, mpaka wenzake wakambandika jina, na siku mbao zilipoondolewa alisimama chini ya daraja peke yake, wengine wote wamejibanza ukingoni. Mama yetu, aliyekuwa akiponda kokoto pale, alimcheka kwamba ana wazimu, wakafunga ndoa tarehe 11 Februari 1967, wakajaliwa watoto watano, na sote tumelala kwenye vitanda vya mbao zilezile, vyenye madoa ya zege yasiyotoka kwa brashi wala kwa matusi ya mama. Mama alitutangulia mwaka 2009, naye amezikwa ng'ambo, kwao.

Mwaka juzi mafuriko yalichimba msingi wa daraja, baba akashuka na nyundo, akagonga, akasikiliza, akaenda mwenyewe ofisi ya barabara kuomba lifungwe kwa magari, mhandisi akaja, akakubaliana naye, yakawekwa mawe makubwa pande zote mbili. Wapo hapa waliomsema, eti mzee anataka daraja lizeeke naye, akacheka, lakini nyumbani alikosa usingizi.

Tarehe 19 Mei mwaka huu alipata kiharusi, gari la wagonjwa likaishia ng'ambo, kaka zangu wakachukua mitaimbo ili wakayasogeze mawe, na baba, ambaye hakuweza tena kusema, akamng'ang'ania kaka mkubwa mkono, akatikisa kichwa mpaka wakaacha. Tulimbeba na kitanda chake, tukashuka kilima chote, tukavuka kwa miguu, tukafika hospitali tumechelewa, akafariki asubuhi ya tarehe 20. Nasema wazi, nina hasira naye, gari lile lilikuwa dogo, pengine lingepita, na hilo pengine ndilo linaloniumiza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotoa mabega kumvusha siku ile na kumrudisha nyumbani kwa miguu, na mafundi wenzake waliochonga jeneza. Dereva wa gari la maiti ametuambia kwa wema kwamba gari lake ni jepesi, linaweza kuvuka likamchukue baba hapa mlangoni, na vijana wako tayari kusogeza mawe, tunamshukuru sana, ila tumekataa, na wa kwanza kukataa nilikuwa mimi. Watavuka wabebaji sita na jeneza, sisi wengine tusubiri wafike, ndipo tufuate wachache wachache.

Lala salama, Baba, kando ya mama.